Kimbunga cha 1872

Mwanafunzi wa Amani ateremkaye Forodhani jioni na kuitazama bahari iliyo shwari, huona taabu kusadiki kwamba bahari hiyo ndiyo iliyoleta kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1872. Merikebu nyingi, zikiwamo za Sultani Barghash, zilizama au kutupwa pwani, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikang'olewa. Pemba haikudhurika sana. Baadaye ndiyo iliyoongoza kwa karafuu.

Kimbunga huzaliwa juu ya bahari yenye joto la nyuzi 26 za Sentigredi au zaidi. Mvuke hupanda, hupoa na kuwa mawingu. Joto litolewalo hapo huupa upepo nguvu. Mzunguko wa dunia ndio uupindao upepo huo hata ukazunguka, lakini karibu na Ikweta athari hiyo ni hafifu. Unguja iko nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, ndiyo sababu vimbunga huifikia kwa nadra.

Nadra, lakini si kamwe: Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mwanadamu hana uwezo wa kukizuia kimbunga. Alilopata tangu 1872 ni setilaiti za kumwonya mapema. Kujihadhari ni juu yake mwenyewe.