Mkate wa Nyama Isiyobanwa kwa Ladha za Meksiko: Upike, Uupangie Bei, Umfikie Mteja Ukiwa Moto

Leo nimekuja na bidhaa moja tu, lakini nitaichambua mpaka kwenye senti. Kama unauza chakula kwa stetasi na oda za simu, soma mpaka mwisho, halafu chukua daftari.

Mimi nina fremu ndogo hapa Arusha. Elimu yangu ni kidato cha nne, na biashara nimejifunza kwa kuifanya. Kodi ya fremu na ada ya mdogo wangu vinatoka kwenye sufuria. Kwa hiyo nikisikia bidhaa mpya siulizi kwanza kama ni tamu. Nauliza itaniachia nini jioni. Sambusa na chipsi mtaani kwetu kila mtu anauza, na tunachofanya ni kushushiana bei tu. Nilitaka kitu ambacho mteja hawezi kusema "kwa fulani ni mia tano".

Hiki kitu ni nini hasa?

Kule Marekani, jimbo la Iowa, kuna mkate wa nyama ya kusaga ambayo haifinyangwi. Baga ya kawaida nyama inabanwa inakuwa kama chapati nene. Hii inapikwa ikiwa imechambuka, chembe chembe, halafu inachotwa na kijiko na kujazwa kwenye mkate laini wa mviringo. Mchinja nyama mmoja, Fred Angell, alianza kuiuza mwaka 1926 katika mji wa Muscatine, na duka lake la Maid-Rite likazaa maduka mengine yenye jina hilo. Kwao ni chakula cha watu wa kawaida: nyama, kitunguu, haradali na achari ya matango. Mara nyingi unapewa na kijiko, maana nyama lazima imwagike.

Sasa ladha za Meksiko zinaingiaje? Wameksiko nao wana nyama yao ya kusaga inaitwa picadillo, inapikwa na nyanya, kitunguu na mara nyingi viazi. Na jimbo la Texas, linalopakana na Meksiko, ndiko ulikokua mtindo wa nyama yenye pilipili ya unga na binzari nyembamba nyingi. Ukichukua upikaji wa Iowa ukaweka viungo vya huko mpakani, unapata mkate wetu wa leo.

Uzuri wake kwetu ni kwamba vitu karibu vyote vipo sokoni. Pilipili, nyanya na parachichi asili yake ni bara la Amerika, lakini leo ukishuka sokoni Kilombero unavikuta vyote. Na ile salsa yao mbichi, pico de gallo, ni nyanya, kitunguu, pilipili, ndimu, chumvi na majani ya giligilani (Wakenya wanaita dhania). Yaani kachumbari! Mteja wako anaijua tayari, humfundishi kitu kigeni sana.

Mahitaji, mikate 10

- Nyama ya ng'ombe ya kusaga kilo 1. Chagua steki mwenyewe buchani, isagwe ukiwa umesimama pale. Mafuta kidogo yawepo, nyama kavu kabisa inakuwa kama mchanga mdomoni.
- Vitunguu maji 2 vikubwa, katakata vidogo sana
- Vitunguu saumu punje 4
- Pilipili hoho nyekundu 2 na pilipili mbuzi 1
- Nyanya ya kopo vijiko 2 vya chakula
- Binzari nyembamba vijiko 2 vya chai
- Pilipili nyekundu ya unga isiyo kali (paprika) kijiko 1 cha chakula
- Oregano kavu kijiko 1 cha chai. Ukiikosa, acha, usiweke kitu kingine.
- Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai
- Ndimu 2, majani ya giligilani fungu 1, nyanya 3, parachichi 2
- Mikate ya baga 10

Upikaji

1. Choma hoho na pilipili mbuzi kwenye mkaa au moto wa gesi mpaka ganda liwe jeusi. Zifunike dakika kumi, menya, toa mbegu, twanga pamoja na saumu. Hatua hii usiiruke. Wameksiko wana pilipili zao kavu kama ancho, na ile ya kufukizwa moshi inayoitwa chipotle. Sisi hatuna, ila harufu ya moshi tunaipata hapa.

2. Kaanga binzari nyembamba kavu kavu kwa moto mdogo mpaka inukie, kisha isage. Angalizo: usitumie masala ya pilau. Mdalasini, hiliki na karafuu zikiingia, mteja atakula pilau kwenye mkate. Binzari nyembamba inatumika pote pote. Kinachoitoa hii kwenye pilau ni moshi wa pilipili, oregano na ndimu ya mwishoni.

3. Nyama weka kwenye sufuria ikiwa bado jiko halijawashwa. Mimina nusu kikombe cha maji baridi, ivuruge kwa uma mpaka iwe kama uji mzito. Hapo ndipo washa moto. Ukiiweka kwenye sufuria ya moto inashikana mabonge na utayahangaikia mpaka mwisho. Hii ya maji baridi inatoka chembe ndogo ndogo zenyewe.

4. Endelea kukoroga. Maji yakikaribia kukauka weka vitunguu maji, vikilainika weka ule mtwango wa pilipili, nyanya ya kopo, viungo na chumvi. Acha kwa moto mdogo dakika 15. Iwe na unyevu ila isiwe na mchuzi. Nyama ya kusaga iive kabisa mpaka ndani, nyuzijoto 71 kama una kipimajoto, na rangi ya pinki usiione hata kidogo.

5. Zima moto, kamulia ndimu moja. Ndimu usiichemshe, inapoteza harufu yake.

6. Kata mikate, paka siagi kidogo upande wa ndani, kausha kwenye kikaango mpaka upate rangi. Ile ngozi ngumu kidogo inazuia mkate usilowane njiani.

7. Kachumbari fanya na giligilani. Parachichi ponda na ndimu na chumvi.

Mizani ni lazima

Kilo moja ya nyama mbichi haibaki kilo. Ikiiva inapungua karibu robo kwa sababu ya maji na mafuta. Hiyo iliyobaki ukiigawa kwa kumi ni kama gramu 75 za nyama kila mkate, bado kitunguu na nyanya. Nunua mizani ndogo ya jikoni. Ukichota kwa macho, mkate wa kwanza unajaa na wa kumi unakosa, na yule wa kumi ndiye anayeandika malalamiko.

Tuje kwenye hela

Hii ni hesabu ya jikoni kwangu kwa mikate 10. Bei za kwako zitakuwa tofauti, wewe chukua mpangilio tu:

Nyama kilo 1: 12,000
Mikate 10: 5,000
Vitunguu, saumu, hoho, nyanya ya kopo: 2,500
Viungo: 800
Parachichi, nyanya, ndimu, giligilani: 2,200
Gesi, siagi: 1,500
Vifungashio: 3,000
Jumla: 27,000. Kila mkate 2,700.

Nauza 4,500, bodaboda analipa mteja. Kila mkate unabaki na 1,800, kwa kumi ni 18,000. Hapo bado sijajilipa, sijatoa kodi wala bando. Msifurahi mapema.

Sasa sikilizeni hapa. Mteja akisema "nipunguzie buku tu, nifanyie 3,500", masikioni inaonekana ndogo. Lakini ile buku haitoki kwenye nyama wala kwenye mkate, inatoka kwenye ile 1,800 yako. Unabaki na 800. Ili upate tena ile 18,000 inabidi upike mikate 23 badala ya 10. Bei imepungua chini ya robo, kazi imeongezeka zaidi ya mara mbili. Kila ukiombwa punguzo, piga hesabu kwenye faida, usiipige kwenye bei.

Oda ya mikate 40

Kaka mmoja wa ofisini alinifuata inboksi. "Dada, nataka arobaini za kikao, lakini bajeti yangu 3,000." Nikamwambia kaka yangu, kwa hiyo bei siwezi. Akanijibu, "Changanya na soya bwana, nani atajua?"

Arobaini ni oda kubwa kwangu, na wiki ile kodi ilikuwa inakaribia, kwa hiyo sitadanganya kwamba sikuwaza. Lakini watu arobaini ni vinywa arobaini, na kila kinywa kina simu. Ukimlisha mtu kitu usichomwambia, siku akijua hatasema "yule kaka aliomba". Atataja duka lako. Halafu kuna watu soya inawadhuru mwilini, hilo nalo si la kuchezea.

Nikamjibu: "Kaka, nina njia nyingine. Nusu nyama nusu maharage, na nitaandika hivyo kwenye kila kifurushi. 3,200." Maharage na nyama yenye pilipili ni ndugu wa siku nyingi kwenye mapishi ya Texas na Meksiko, sikuwa nazuga. Gharama yangu nyama ilishuka kwa 600 kila mkate, maharage yakaongeza kama 150, nikafika 2,250. Akaomba dakika, akarudi: "Poa dada, fanya."

Pigeni wenyewe. Ningekubali 3,000 kwa nyama tupu ningebaki na 300 kwa mkate, arobaini ni 12,000. Kwa maharage nilibaki na 950, arobaini ni 38,000. Na nyama ilitosha kilo mbili badala ya nne. Tangu hapo mkate wa maharage upo kwenye menyu yangu kwa jina lake, na kuna wateja wanaupenda kuliko wa nyama tupu.

Kuifikisha

- Kabla ya kujaza, chimba kidogo unga laini wa mkate wa chini upate kijibakuli. Nyama itulie humo.
- Funga kwa karatasi isiyopitisha mafuta, ukibana vizuri, halafu foili juu.
- Kachumbari na parachichi weka pembeni kwenye kikopo kidogo. Vikikaa juu ya nyama moto vinanywea na mkate unalowa.
- Weka kijiko cha mbao. Andika kwenye kikaratasi: "Inayomwagika ni ya kijiko." Mteja anaelewa kwamba kumwagika ndiyo staili yenyewe.
- Nyama iliyoiva usiiache mezani zaidi ya saa mbili. Iwe ya moto kweli kwenye hotipoti, au iwe kwenye friji. Ukiipasha, ipashe mpaka itoe mvuke yote, siyo vuguvugu.

Picha na maneno

Nyama ya kusaga kwenye picha ni kahawia tu, haivutii. Piga mchana karibu na dirisha, mkate ukiwa wazi, kijani cha parachichi na wekundu wa nyanya vionekane pembeni. Kwenye tangazo usiandike "baga", mteja atategemea nyama iliyobanwa na atasema umemwibia. Usiandike pia "chakula halisi cha Meksiko", maana sicho. Mimi naandika: "Mkate wa nyama isiyobanwa, ladha za Meksiko, unakuja na kijiko." Sijapata mtu wa kunirudishia.

Kazi ya kufanya wiki hii

Usianze na kilo. Nunua nusu kilo, pika mitano, wape watu watano wasiokuogopa. Usiwaulize "tamu?" maana wote watasema tamu. Waulize, "Ungelipa shilingi ngapi?" Andika majibu matano, yaweke pembeni ya gharama yako. Kama hata wawili wametaja bei inayokuachia faida, pika kilo nzima uweke stetasi. Kama hakuna, umepoteza nusu kilo ya nyama, na mtaji wako bado unao.