Chuma Huungua: Kwa Nini Nilimshika Jirani Mkono Asimwage Maji

Jumamosi moja ya msimu wa kusi, muda mfupi baada ya magharibi, nilisikia watoto wakishangilia uani kwa jirani yetu hapa Ukunda. Nilipochungulia nikaona duara la cheche za rangi ya dhahabu likizunguka gizani. Lilipendeza, siwezi kudanganya. Kisha upepo ukavuma, na cheche chache zikatua juu ya banda la kuku lililoezekwa makuti. Msomaji wa Diani au Msambweni hahitaji kuelezwa kilichofuata. Makuti makavu hayangoji mtu avae ndara.

Majirani walitoka na ndoo, na moto ulizimwa kabla haujafika kwenye nyumba. Kuku sita walikufa. Mwenye banda, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, alipomaliza kumwagia makuti aliona kopo la maziwa ya unga kando ya makaa, akainua ndoo nyingine alimwagie nalo. Nilimrukia nikamshika mkono. Ndani ya kopo mlikuwa na unga wa kijivu ambao vijana waliuokota kwa fundi wa madirisha ya alumini. Hilo lilikuwa "onyesho la pili".

Aliyezungusha cheche ni mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nilipomfokea alinitazama kwa adabu akasema, "Lakini mjomba, si wewe uliyenionyesha kwamba chuma huwaka?"

Alisema kweli. Nilifundisha kemia miaka mingi, na alipokuwa na umri wa miaka tisa, usiku wa Idi, nilimchomea kipande cha utepe wa magnesiamu. Kiliwaka kweupe mpaka ua mzima ukawa kama mchana, naye akaruka kwa furaha. Nilimpa ajabu bila kumpa tahadhari. Makala haya ni deni ninalolipa.

Kesho yake asubuhi mama jirani alinikuta barazani, akaniuliza maswali mawili. "Mwalimu, tangu nizaliwe nasugua sufuria kwa zile nyuzi za chuma. Vipi leo zimewaka moto? Na kwa nini ulinizuia kumwaga maji?" Nitayajibu hapa kama nilivyomjibu yeye.

Kuungua ni nini?

Kitu kinapoungua kinaungana na oksijeni iliyo hewani, na muungano huo unatoa joto na mwanga. Kuni hufanya hivyo, mafuta ya taa hufanya hivyo, na chuma pia hufanya hivyo. Tofauti iko kwenye umbo.

Chukua gogo la mkorosho uliwashie kibiriti. Halitashika. Lichonge liwe vinyweleo, kibiriti hicho hicho kitawasha moto. Gogo lina uso mdogo unaoguswa na hewa, na joto la kibiriti linapotea ndani ya mwili wake. Vinyweleo vina uso mkubwa, na joto halina pa kukimbilia. Nondo ya ujenzi ni gogo. Nyuzi laini za kusugulia sufuria ni vinyweleo vya chuma. Ukizizungusha hewani unazipulizia oksijeni kama mhunzi anavyovuta mivukuto, na kila cheche inayoruka ni chembe ya chuma inayoungua.

Umeshaziona cheche hizo mara nyingi bila kuzitilia maanani. Simama mbele ya karakana yoyote ya jua kali fundi anapokata chuma kwa mashine. Zile cheche za manjano ni chuma kinachoungua angani. Ndiyo maana fundi mwenye akili havai kanzu kazini, wala haweki petroli karibu.

Na sufuria ya alumini? Mbona iko motoni kila siku haiwaki? Alumini ina siri yake. Ikiguswa na hewa hujivika mara moja ngozi nyembamba ya oksaidi, na ngozi hiyo huzuia oksijeni isipenye ndani. Ukiisahau jikoni ikiwa tupu inaweza kuyeyuka, maana alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za selisiasi, lakini haitawaka kama kuni. Ikisagwa kuwa unga ni habari nyingine. Unga uliotulia ndani ya kopo unaweza kuonekana mpole. Uupeperushe hewani penye moto, kila chembe itapata oksijeni yake kwa wakati mmoja, na wingu zima litawaka kwa kishindo.

Hilo ndilo jibu la kwanza la kwa nini nilimshika mama mkono. Ndoo ile ingeurusha unga juu, na makaa yalikuwa hatua moja tu pembeni.

Majivu mazito kuliko kuni

Watu wa zamani waliamini kwamba kitu kikiungua kuna kitu kinatoka ndani yake. Kwa kuni inaonekana hivyo, gogo zima linabaki majivu kidogo. Metali ndizo zilizovuruga imani hiyo. Katika miaka ya 1770, Mfaransa Antoine Lavoisier alipima kwa mizani makini akathibitisha kwamba metali ikiungua huongezeka uzito. Alieleza kwamba kinachoongezeka kimetoka hewani, nasi leo tunakiita oksijeni.

Wengi waliopitia kidato cha kwanza hapa Kenya watakumbuka jaribio la kuchoma magnesiamu kwenye kikombe cha udongo chenye kifuniko. Gramu 24 za magnesiamu huchukua gramu 16 za oksijeni na kutoa gramu 40 za unga mweupe. Kuni nazo hufuata kanuni hiyo hiyo, ila sehemu kubwa ya zao lake ni moshi na gesi zinazoenda zake, ndiyo maana tunadhani zimepungua.

Kutu ni ndugu wa moto huo. Mabati yetu ya pwani yanaliwa na chumvi na unyevu, chuma kikiungana na oksijeni polepole kwa miaka. Cheche za mpwa wangu zilimaliza kazi ya namna hiyo kwa nukta moja.

Mchanga wetu wa Kwale

Vijana waliniuliza swali zuri baada ya hapo. Titaniamu hutiwa kwenye fataki ili itoe cheche nyeupe. Je, ule mchanga mweusi uliochimbwa Maumba na Nguluku nao utawaka?

Hautawaka, na sababu yake ndiyo somo lenyewe. Meli ya kwanza iliyobeba madini hayo iliondoka Likoni Februari 2014, na uchimbaji ukafungwa Desemba 2024. Kilichosafirishwa miaka yote hiyo hakikuwa metali tupu. Kilikuwa ilmenaiti, rutili na zikoni. Ilmenaiti ni chuma na titaniamu ambazo tayari zimeungana na oksijeni. Rutili ni titaniamu na oksijeni. Kwa maneno mengine, mchanga ule "uliungua" ardhini zamani sana, na majivu hayaungui mara ya pili. Sehemu kubwa ya titaniamu ya dunia haifikii kuwa metali kabisa. Hubaki oksaidi nyeupe inayotiwa kwenye rangi za nyumba, karatasi na hata dawa ya meno.

Kurudisha metali kutoka kwenye majivu yake ni kazi ya kuivua oksijeni, na watu wa pwani hii waliijua kabla ya shule yoyote. Wanaakiolojia wana aina ya vyungu vya kale wanavyoviita vyungu vya Kwale, kwa sababu vilichimbuliwa hapa kwetu katika miaka ya 1960, na wanavihusisha na wakulima wa mwanzo waliotumia chuma katika upande huu wa Afrika. Wahunzi wa kale walipanga mawe yenye chuma pamoja na makaa, wakavuta mivukuto, na makaa yakaibeba oksijeni na kuacha chuma. Walitumia joto kubwa na kazi ya siku nzima kukitenganisha chuma na oksijeni. Kijana anayechoma nyuzi za sufuria anairudisha safari hiyo nyuma, na joto lote lile linatoka kwa mkupuo. Ndiyo sababu moto wa metali ni mkali hivyo. Mwali wa magnesiamu hufikia karibu nyuzi 3,000.

Kwa nini si maji?

Sasa swali la pili la mama jirani. Maji ni hidrojeni iliyoungana na oksijeni. Magnesiamu au alumini inayowaka ina uchu wa oksijeni kuliko hidrojeni yenyewe. Ukiimwagia maji, inaipokonya hidrojeni oksijeni yake. Hidrojeni inabaki huru, nayo ni gesi inayowaka na kulipuka. Kwa hiyo ulidhani unazima moto, kumbe umeuletea chakula, na maji yanayogeuka mvuke ghafla yanarusha metali iliyoyeyuka usoni mwako.

Mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi nao haufai hapo. Magnesiamu hupokonya oksijeni hata ndani ya gesi hiyo na kuacha masizi meusi.

Moto wa metali hufunikwa. Kuna mitungi maalum ya poda kwa kazi hiyo, ambayo ni nadra majumbani. Kwa moto mdogo, mchanga mkavu kabisa au chumvi kavu ikimiminwa taratibu huzuia hewa. Neno "mkavu" ndilo la muhimu. Mchanga uliozolewa ufuoni una unyevu, na unyevu ni maji. Kama moto ni mkubwa kuliko sinia, usijaribu ushujaa. Ondoa watu, kaa upande upepo unakotoka, piga simu kuomba msaada.

Lakini makuti, nguo, kuni na godoro vinataka maji, tena mengi. Mama jirani hakukosea kulimwagia banda lake. Tofauti ni kujua kinachoungua kabla ya kuinua ndoo.

Mambo manne ya nyumbani

Kwanza, macho. Mwanga wa magnesiamu una miali inayoumiza jicho kama ile ya fundi wa kuchomelea vyuma. Hata ule utepe wa Idi sikupaswa kumwacha mtoto aukodolee.

Pili, ngozi. Kama chembe ya metali bado inawaka juu ya mwili, ipanguse kwanza kwa kitu kikavu. Ikishatoka, weka jeraha chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala mafuta ya kupikia. Kikiingia kitu jichoni, usisugue, nenda hospitali.

Tatu, video. Anayerekodi cheche zile kwa kawaida hakuonyeshi alichokiandaa nje ya picha, wala majaribio yaliyoharibika. Na hakuna paa la makuti nyuma yake. Kuchanganya unga wa metali na vitu vingine ili viwake au vilipuke ni jambo nisiloliandikia hata sentensi moja ya maelekezo. Mbali na hatari yake, Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na kijana hatasikilizwa akisema alikuwa anajifunza.

Nne, mafundi. Ndugu zangu wa karakana, vumbi la alumini si takataka ya kumwachia kila mtoto anayepita. Lifagieni likiwa kidogo, lifunikeni pakavu, mbali na cheche za mashine.

Tusiwazimie udadisi

Baadhi ya wazee walitaka vijana wale wacharazwe. Sikukubali, na si kwa sababu mmoja ni damu yangu. Mtoto anayeuliza kwa nini chuma kinawaka ndiye tunayemlilia kila siku asome sayansi. Tatizo ni kwamba Jumamosi maabara za shule zimefungwa, simu iko wazi. Walimu wenzangu wa Kwale, hata saa mbili kwa mwezi, mlango ufunguliwe na mtu mzima akiwepo, zitatosha kuanzia.

Tulikubaliana hivi. Vijana watatu walisuka makuti wenyewe wakaliezeka banda upya, na wakachangishana kulipa kuku. Kisha nikaomba ruhusa kwa mwalimu ninayemfahamu, tukaingia maabara tukiwa na miwani ya kinga. Mpwa wangu alipima gramu 0.24 za magnesiamu, akazichoma ndani ya kikombe, akiinua kifuniko kidogo kidogo kuingiza hewa. Hesabu ilisema apate gramu 0.40. Alipata 0.36.

Aliitazama mizani kwa muda mrefu. "Mjomba, hizi nyingine zimekwenda wapi?"

Nilimwonyesha moshi mweupe uliokuwa bado unaelea chini ya dari. Aliutazama, akarudi kuketi, akaomba kurudia jaribio, safari hii akiinua kifuniko kidogo zaidi.

Mama jirani ameshanunua vifaranga. Ukutani kwa banda ameweka debe la mchanga mkavu wenye kifuniko, na watoto wanaocheza uani wamekatazwa kuligusa.