Je, wajua mkorosho wa Nachingwea ulivuka bahari?

Ukitoka Lindi kwenda Ruangwa, kisha ukashuka hadi Nachingwea, mikorosho inakusindikiza karibu njia nzima. Mtoto wa Kimwera hukua akiamini kwamba mti huu uliota hapa tangu enzi za mababu. Kumbe asili yake ni kaskazini-mashariki ya Brazil, na ulifika upande wetu katika karne ya 16 ndani ya merikebu za Wareno.

Mwezi Machi 1500, Pedro Álvares Cabral aling'oa nanga Lisbon akiwa na merikebu 13, safari ya India. Aprili akafika Brazil. Julai, akiwa na merikebu chache zilizosalimika na dhoruba, akatia nanga Kilwa Kisiwani, ambayo leo imo katika mkoa huuhuu wa Lindi. Mbegu za mkorosho zilikuja miongo kadhaa baadaye, zikapandwa Msumbiji na Goa huko India, lakini safari ile moja ilikuwa imekwisha kuzigusanisha pwani mbili ambazo hazikuwa zikijuana. Muhogo, mahindi na karanga navyo vimetoka Amerika. Ukiviondoa hivyo vitatu kwenye sahani ya mtu wa Kusini, sijui atabaki anakula nini.

Korosho ilihimili safari kwa sababu ya ganda lake. Kati ya ngozi ya nje na ya ndani ya ganda hilo kuna vijishimo vilivyojaa mafuta meusi, mazito, yanayounguza. Mwembe ni ndugu wa mkorosho, ndiyo maana utomvu wa embe bichi nao huwasha midomo. Mafuta hayo ya ganda huwafukuza wadudu, na mbegu iliyokaushwa vizuri hukaa miezi mingi bila kuharibika. Bibo, tunda lile jekundu au la njano linaloning'iniza korosho, halina ulinzi wowote. Likianguka asubuhi, kesho yake limeshachacha. Kwa hiyo mabaharia walifika kwao na korosho, na bibo likabaki kwa wenye mti. Mfaransa André Thevet, aliyefika Brazil, alichapisha katika miaka ya 1550 mchoro wa wenyeji wakichuma mabibo na kuyakamua maji. Wasomaji wake wa Ulaya waliliona tunda hilo kwenye karatasi tu.

Simama chini ya mkorosho mwezi Septemba utazame kikonyo kimoja. Korosho ndiyo inayotangulia: inajitokeza kijani, inakua hadi kufikia ukubwa wake wote, ilhali nyuma yake hakuna bibo la kuonekana. Baadaye korosho inaanza kukauka na kugeuka kijivu, na hapo ndipo kikonyo kinapovimba, kikajaa maji na kupata rangi. Tunda halisi ni korosho. Bibo ni kikonyo kilichonenepa. Na kikonyo hicho kina vitamini C nyingi kuliko chungwa, kwa mara kadhaa.

Mti huu ulipenda Kusini kwa sababu unachanua wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekoma. Hata hivyo haukukosa misukosuko. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000. Kufika 1986/87 zilibaki zaidi kidogo ya tani 16,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mbali na mashamba yao ya zamani, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukavamia maua na kuyakausha kabla hayajashika. Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, walishughulika na salfa na mbegu bora hadi mti ukarudi kuzaa. Kwangu mimi, maarifa hayo yana uzito zaidi kuliko yale ya merikebu. Linganisha na mpango wa enzi za ukoloni: Uingereza ilimwaga takriban pauni milioni 36 kwenye mpango wake wa kulima karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya maeneo yake, ikajenga hata reli. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkorosho wa mkulima mdogo ungali unazaa.

Leo korosho za Ruangwa, Nachingwea na Liwale hukusanywa na vyama vya msingi na kuuzwa mnadani chini ya chama kikuu cha RUNALI. Nyingi huondoka zikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na huko ndiko zinakobanguliwa. Hata mafuta ya ganda, yanayotumika kutengeneza breki za magari na rangi, yanaondoka pamoja nazo. Kubangua kuna kazi: korosho huchomwa au kuchemshwa kwa mvuke, ganda hupasuliwa bila kuvunja kiini, na mikono hulindwa kwa glavu au majivu. Akina mama wa huku wanaijua kazi hiyo vizuri. Wanachokosa ni mashine na mtaji, na msimu ukifika mabibo yanaoza kwa malundo chini ya miti wakati maji yake yangeweza kuchujwa, kuchemshwa na kufungwa kwenye chupa hapohapo Nachingwea.