Santuri ya Ngoma na CD Yake: Je, Ni Kitu Kimoja?

Mzee mmoja wa Buyenzi, askari mstaafu, alimkuta mjukuu wake mlangoni akitoka na boksi la santuri kichwani. Kijana alikuwa amekwisha kumletea babu yake CD ya muziki wa asili wa Burundi, na kwa maoni yake zile sahani kubwa nyeusi zilibaki kukusanya vumbi tu. "Babu, si muziki ni ule ule?" aliuliza. Mzee hakujibu. Alichomoa santuri moja, akaiweka juu ya gramafoni. Ngoma zikatoka kwa sauti nyembamba, mfano wa mtu agongaye kopo tupu. Kijana akacheka.

Kosa halikuwa la santuri. Gramafoni ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na redio mpya, na jambo hilo limezifanya familia nyingi ziamini kuwa santuri zao zimekufa. Wakati wa kuichonga santuri, fundi hupunguza kwa makusudi sauti nzito na kuzidisha zile nyembamba, kwa kipimo ambacho viwanda vilikubaliana katika miaka ya 1950. Asipofanya hivyo, kishindo cha ngoma kingehitaji mfereji mpana mno, na sindano ingeruka. Redio za zamani zilikuwa na tundu maalumu la gramafoni lenye kazi ya kurudisha uzito ule. Redio nyingi za leo hazinalo. Fundi wa redio anaweza kuweka kati yake kikuza sauti kidogo cha gramafoni, na ngoma ikarudi kuwa ngoma.

Santuri yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walinasa muziki wa vijijini nchini Burundi, na mwaka 1968 ukatolewa na Ocora ya Ufaransa kwa jina la "Musique du Burundi". Msomaji aikumbuke tarehe ile. Ufalme ulikuwa umeondolewa tarehe 28 Novemba 1966, na ngoma zilizokuwa za mwami zikapigwa mbele ya vinasa sauti katika jamhuri ambayo ilikuwa bado changa kabisa. Wapigaji walikuwa 25. Mlio wao ulikwenda mbali kuliko wao wenyewe: mwaka 1971 ulichanganywa na vyombo vya kizungu katika wimbo ulioitwa "Burundi Black", na mwaka 1975 Joni Mitchell akautumia katika wimbo wake "The Jungle Line". Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ocora ikautoa tena muziki ule wa 1967 katika CD.

Je, ni kitu kimoja? Tuanze na ngoma. Santuri ya sentimita 30 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo ukingoni sindano hupitiwa na kama nusu mita ya mfereji kwa kila sekunde, lakini karibu na katikati ni kama sentimita 21 tu. Muziki uliochongwa mwishoni mwa upande husongamana, na milio mikali huparuza. Tena upande mmoja hautoshi zaidi ya dakika 20 na ushei bila kupunguza nguvu ya sauti. CD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, haina matatizo hayo. Ina sentimita 12 tu, lakini hubeba dakika 74 bila kugeuzwa. Husomwa na mwanga wa leza badala ya sindano, na kila sekunde ya sauti imeandikwa kwa vipimo 44,100 kwa kila upande wa spika.

Hata hivyo ubora wa CD hutegemea mkono wa aliyeitayarisha. Tangu miaka ya 1990 watayarishaji wengi wamekuwa na tabia ya kupandisha sauti yote ifikie kilele, ili CD yao isikike kwa kishindo kuliko ya jirani. Kwa ngoma za Burundi huo ni uharibifu. Amashakwe hushika mdundo usiobadilika, inkiranya huongoza katikati, na ibishikizo humfuata. Zote zikisukumwa hadi kimo kimoja, kiongozi na wafuasi hawatambulikani, na masikio huchoka upesi. Mwenye CD ya namna hiyo, iliyotolewa na yeyote, asione haya kusema kuwa santuri yake chakavu ina uhai zaidi.

Lakini haki itendeke. Ndani ya santuri ile ile ya 1968 mna inanga, na mwimbaji wake haimbi, ananong'ona, huku nyuzi zikimfanya msikilizaji aamini kuwa mnong'ono una lahani. Hapo santuri hushindwa. Pumzi ya mwimbaji na mkwaruzo wa vumbi hulingana kwa sauti, na baada ya miaka 50 ya sindano kuukuu, vumbi ndilo linalosikika kwanza. Katika CD kimya ni kimya kweli. Asiyekuwa na gramafoni nzuri asidhani amepunjwa.

Suala la muziki wa Kongo na wa Afrika Mashariki uliotoka katika santuri ndogo za mizunguko 45 ni zito zaidi. Kanda nyingi za awali zilipotea, na watoaji wa CD wakalazimika kunakili kutoka santuri zilizosalia majumbani. Wengine husafisha mikwaruzo kwa mashine hadi ncha ya gitaa nayo ikaondoka. Ina maana kwamba boksi lililotaka kutupwa Buyenzi au Bwiza huenda lina nakala iliyo safi kuliko ile iliyotumiwa Ulaya.

Na jalada je? Lile la sentimita 30 lilisomwa na familia nzima kwa pamoja. Likibanwa katika kijitabu cha CD, mzee huhitaji miwani na taa.

Sasa akina mama na akina baba wenye santuri wafanye hivi. Zisimamishwe kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine, wala zisikae mahali jua la mchana linapopiga, kwani hupindika. Ukungu uletwao na unyevu wa ziwa huondoka kwa maji vuguvugu yenye sabuni kidogo na kitambaa laini kinachofuata mzunguko. Karatasi ya katikati isilowe. Sindano ikiruka, isiwekewe sarafu kichwani, kama ilivyozoeleka. Sarafu huichimba santuri, na kila kupigwa huondoa kitu kisichorudi. Inunuliwe sindano mpya.

CD nazo hazitaki kudharauliwa. Tabaka lake la kung'aa liko chini kidogo tu ya upande wenye maandishi, hivyo kalamu ya wino mgumu isitumiwe kuandika juu yake. Zile zilizonakiliwa nyumbani zina rangi inayochujuka kwa jua. Zikiachwa juu ya dashibodi ya gari huweza kuharibika mapema. Mzee wa Buyenzi amezihifadhi zake sandukuni, pamoja na santuri, na mjukuu ndiye aliyepewa kazi ya kuziosha.