Samaki Wako Wakiugua Bwawani

Mkulima aliyezoea ng'ombe au kuku hutambua mara moja mnyama wake akiwa hana afya. Ng'ombe hujitenga na wenzake, kuku hujikunyata mabawa yakiwa yameshuka. Lakini samaki yumo ndani ya maji ya Tana, ambayo rangi yake twaijua sote, wala halii wala hakohoi. Watu wa mjini wafugao samaki wa mapambo katika sanduku la kioo humwona samaki ubavuni, na kila doa huonekana. Wewe wa Garsen, Bura au Hola wamwona kwa juu tu, na pengine humwoni kabisa mpaka siku ile aelee tumbo likiwa juu. Siku hiyo mara nyingi huwa umechelewa, na fedha ya mpunga uliyonunulia vifaranga, pamoja na pumba za miezi mitano, imekwenda na maji.

Makala hii ni kwa ajili ya yule aliyechimba bwawa kwa mara ya kwanza. Tunalifikiria bwawa la mita 300 za mraba, kipimo kilichojulikana nchini tangu Serikali ilipoanza kuwasaidia wakulima kuchimba mabwawa mwaka 2009, na ndani yake samaki 1,000 wa namna ya perege, ambao wengi siku hizi huwaita tilapia. Wengine huchanganya na kambare wachache, na hilo ni jambo zuri kwa sababu utakayoiona punde.

Kwanza tazama maji, kisha samaki

Samaki wengi wanaokufa katika mabwawa ya wanaoanza hawafi kwa ugonjwa. Hufa kwa maji mabaya. Mtu aliyevua katika ziwa la Shakababo ajua kwamba maji yakiharibika upande mmoja, samaki huhamia upande mwingine. Samaki wa bwawa hana pa kuhamia. Yeye hula, hunya na hupumua mahali pamoja, na wewe ndiwe uliyemfungia humo.

Basi amka mapema, kabla jua halijachomoza, ukasimame ukingoni bila kelele. Saa hiyo ndiyo inayosema kweli. Ukiwaona samaki wamejaa juu ya maji, midomo ikifunguka na kufumba, nao hawakimbii upesi ukipunga mkono, jua kwamba wanakosa hewa. Ukija saa nne asubuhi utawakuta wamekwenda chini kama kwamba hakuna lililotokea, nawe utasema jirani yako mwenye hofu ni mwongo.

Sababu yake ni hii. Ile mimea midogo inayoyafanya maji yawe ya kijani hutoa hewa safi, yaani oksijeni, mchana kwa nguvu ya jua. Usiku jua halipo, na mimea hiyo hiyo huivuta oksijeni pamoja na samaki. Samadi na pumba zinazooza chini nazo huitumia. Kwa hiyo hewa hupungua usiku kucha, na alfajiri ndiyo saa ya upungufu mkubwa. Tena joto la nchi yetu huzidisha shida: maji ya nyuzi 20 za Selsiasi huweza kushika kama miligramu 9 za oksijeni katika kila lita, lakini ya nyuzi 30 hushika kama 7 na nusu tu. Siku za mawingu ni za hatari zaidi, maana mimea haikupata jua la kutosha mchana.

Sasa utatofautishaje ukosefu wa hewa na ugonjwa? Tazama hesabu ya wafu. Hewa ikikosekana, wengi hufa usiku mmoja, na wakubwa hutangulia kufa kuliko wadogo. Ugonjwa huua wawili leo, watano kesho, wanane keshokutwa. Na hapa kambare akusaidia kama shahidi: yeye ana kiungo cha kuvutia hewa ya juu, kwa hiyo akibaki mzima huku perege wamekufa, hewa ndiyo iliyokosekana. Lakini kambare, perege, vyura na konokono wakifa wote pamoja, fikiri habari ya sumu. Uliza kama mtu alipiga dawa ya wadudu katika mpunga au pamba juu ya mfereji, au kama bomba la kupigia dawa lilioshwa humo. Samaki waliokufa kwa sumu wasiliwe na mtu, wala paka, wala kuku. Wafukie, kisha peleka habari ofisini siku ile ile.

Kipimo cha maji hakihitaji chombo. Ingiza mkono wako majini, kiganja kimefunuliwa. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, chakula cha kijani kimezidi. Lakini angalia: maji yetu yana udongo mwingi, hasa mto unapojaa, na udongo waweza kukudanganya. Teka maji katika chupa nyeupe uiache itulie mpaka kesho yake. Udongo hushuka chini. Rangi ya kijani hubaki.

Samaki wakikosa hewa, usitie chakula siku hiyo, wala samadi kwa majuma mawili. Toa maji ya chini, maana ndiyo mabaya, na fungulia mapya yaanguke kutoka juu penye ubao au mawe ili yavunjike na kuchanganyika na hewa. Ikiwa zamu yako ya mfereji haijafika, na wengi wenu mwajua shida hiyo, vuta maji ya bwawa lako kwa pampu ndogo na kuyarudisha humo humo kwa juu. Asiye na pampu atumie ndoo na watoto wake. Kazi ya saa mbili ya ndoo yaweza kuokoa mavuno ya nusu mwaka.

Magonjwa yenyewe

Ukiisha kuona kuwa maji ni mazuri na bado samaki wanakufa mmoja mmoja, sasa tafuta ugonjwa. Vua samaki watano au sita kwa wavu, si yule aliyekufa jana bali walio dhaifu lakini hai. Watie katika beseni jeupe lenye maji safi. Tazama ngozi, mapezi, macho na tumbo, kisha inua kifuniko cha shavu uone matamvua. Matamvua ya samaki mzima ni mekundu kama damu mbichi. Yakiwa meupe, ya kahawia, au yenye utelezi mwingi, kuna jambo.

Doa jeupe ni kama chembe za chumvi zilizonyunyizwa juu ya ngozi na mapezi. Samaki hujisugua kwenye matete na ukingo kama anayewashwa. Si chumvi, ni kijidudu kinachoishi chini ya ngozi yake. Kikikomaa huanguka chini ya bwawa, hujigawa kuwa mamia, na watoto wake huogelea kutafuta samaki mwingine. Wakimkosa kwa siku mbili hivi, hufa. Fahamu maana ya jambo hili: kijidudu kilicho ndani ya ngozi hakifikiwi na dawa, bali kile kinachoogelea tu. Ndiyo sababu dawa ya siku moja haiponyi, na mkulima husema dawa ni mbovu.

Ukungu huonekana kama pamba nyeupe iliyoota juu ya kidonda. Mara nyingi huja baada ya samaki kuumizwa na wavu au kusafirishwa vibaya. Kosa lilianza kwa mikono ya mtu, na ukungu ukafuata.

Vidonda vyekundu, tumbo lililovimba na magamba yaliyosimama kama mbegu za msonobari, mapezi yaliyooza, au macho yaliyotokeza nje, hayo ni magonjwa ya bakteria. Wengine huzunguka-zunguka kama mlevi. Bakteria hao huwamo majini siku zote. Hupata nguvu samaki wanapobanana, wanapolishwa kupita kiasi, au joto linapozidi.

Wako pia wadudu waonekanao kwa macho: chawa wa samaki, ruba, na minyoo ya manjano kama punje ya mchele ndani ya nyama. Minyoo hii ina safari ndefu. Hutoka kwa ndege walao samaki, huingia katika konokono, kisha katika samaki, na ndege akimla samaki huyo huanza tena. Kwa hiyo anayefyeka majani ya ukingoni na kuwapunguza konokono huivunja safari hiyo katikati. Tena konokono wa mifereji ndio wanaotuletea kichocho, basi kazi moja yafaa samaki na watoto pia.

Habari ya chumvi

Dawa nzuri kwa mkulima ni chumvi ya kawaida, kama ile ya mawe itokayo Gongoni. Huondoa vijidudu vya ngozi na kuzuia ukungu. Lakini wengi huitumia vibaya, hutupa kilo mbili bwawani wakangoja muujiza. Hebu tupige hesabu. Bwawa la mita 300 za mraba lenye kina cha mita moja lina lita 300,000. Ukitaka gramu moja tu katika kila lita, utahitaji kilo 300, yaani magunia sita ya kilo 50. Hata ukiwa nayo, maji hayo ukiyamwaga shambani utaiharibu ardhi yako.

Chumvi ni ya kuogeshea. Chukua pipa la plastiki, si la bati, utie lita 50 za maji ya bwawa na chumvi nusu kilo, uikoroge mpaka iyeyuke. Hiyo ni gramu 10 kwa lita. Tia samaki wachache kwa zamu, usizidishe nusu saa, wala usiondoke kwenda kunywa chai. Samaki akilala ubavu mtoe mara moja umrudishe katika maji safi. Njia hii haifai kwa samaki wote 1,000 walio wakubwa, bali yafaa sana kwa wazazi unaowatunza na kwa vifaranga wapya kabla hujawatia bwawani. Mimi naona hapo ndipo penye faida hasa. Vifaranga watokao mbali, hata wakitoka katika kituo kizuri, wawekwe majuma mawili katika kidimbwi cha peke yao. Wakionyesha ugonjwa huko, umepoteza vifaranga tu, bwawa lako ni salama.

Kuhusu vidonge vya hospitali, twasikia kuna wanaovifungua na kumwaga unga wake majini. Acha kabisa. Dawa hiyo haiwafikii samaki kwa kipimo, hubaki katika nyama itakayoliwa, na huwafundisha bakteria kuizoea. Vivyo hivyo ile dawa ya rangi ya kijani inayouzwa kwa samaki wa mapambo: katika nchi nyingi imekatazwa kwa samaki wa kuliwa.

Jirani yako aliye chini ya mfereji

Katika mashamba ya mpango mmoja, bwawa si la mtu peke yake. Ukimwaga maji yenye ugonjwa katika mfereji wa kuleta maji, kesho yamo katika bwawa la mwenzako. Yamwage katika mtaro wa kutolea maji, au juu ya shamba lako la migomba. Wavu na ndoo ulizotumia zianikwe juani mpaka zikauke kabisa kabla ya kuazimwa. Samaki waliokufa watolewe kila asubuhi na kufukiwa kwa kina mbali na maji. Ukiwatupa ukingoni ndege watawabeba mpaka kwa jirani.

Waweza kula au kuuza samaki? Aliyekosa hewa alfajiri, ukamkuta matamvua bado mekundu na macho yang'aa, si mgonjwa; mtengeneze na kumpika mapema. Mwenye vidonda au tumbo lililovimba asipelekwe sokoni. Nawe mwenye jeraha mkononi usimshike, maana bakteria hao waweza kuingia katika kidonda cha mtu.

Ikiwa ugonjwa umeenea, shauri letu ni kuvua wote walio wazima, hata wakiwa wadogo kuliko ulivyotumaini, na kulikausha bwawa. Wengi huona uchungu kufanya hivyo, na ni haki yao. Lakini jua la Garsen halidai fedha. Liache bwawa likauke mpaka udongo upasuke nyufa nawe uweze kutembea bila kuzama. Ondoa tope jeusi ukaliweke shambani. Kisha nyunyiza chokaa ya shamba, kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita 100 za mraba, baada ya kumwuliza Bwana Shamba kama udongo wako waihitaji.

Ukitaka samaki wako wapimwe, walete hai. Hutokea mtu kusafiri saa nne na samaki aliyefungwa katika jani la mgomba, naye akifika ameoza, wala hakuna awezaye kusema alikufa kwa nini. Tia samaki watatu dhaifu katika mfuko mkubwa wa plastiki wenye maji theluthi moja na hewa theluthi mbili, uufunge, uufunike na gunia lililoloweshwa. Ikiwa amekufa sasa hivi, mweke juu ya barafu. Lete na chupa ya maji ya bwawa iliyojazwa mpaka juu, pamoja na karatasi yenye maneno haya: samaki walitiwa lini, wangapi wamekufa kila siku, wanakula nini, na maji mapya yaliingia lini. Afisa wa uvuvi wa kaunti huanza na karatasi hiyo kabla hajamtazama samaki.