Likasi: Kampuni Ilipoacha Kuwa Baba

Hapa Likasi, katika Katanga ya Kongo, mfanyakazi wa kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye Gécamines, alipewa na kampuni nyumba, hospitali, shule ya watoto na posho ya unga. Mwaka 2001 mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, aliziita familia hizo, katika jina la kitabu chake, wana wa Shaba, jina la Katanga la zamani, walioachwa na baba yao.

Baba huyo hakuanguka siku moja. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kufikia 1994 zilibaki kama 30,000. Mgodi wa Kamoto uliporomoka 1990, askari wakapora miji 1991, kisha Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, wakafukuzwa Katanga. Maelfu yao walilala kwa miezi kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni, na wengi walizikwa hapa hapa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walilipwa fidia ya mara moja, fedha za Benki ya Dunia, wakarudi nyumbani. Waliambiwa wanaondoka kwa hiari. Mtu ambaye hajaona mshahara miezi na miezi ana hiari gani?

Nyumba zikashikwa na akina mama, kwa kuuza makaa, unga na sombe, yaani majani ya muhogo. Vijana wakaenda kuchimba kwa mikono.

Watu wakiuliza nguvu ya familia hizo kuvumilia ilitoka wapi, hutajiwa makanisa ya maombi yaliyojaa mitaani. Mimi naitafuta nyuma zaidi, katika Jamaa, harakati ya Kikatoliki. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliianza Kolwezi miaka ya 1950 pamoja na wafanyakazi wa migodi, ikaenea katika kambi zao mji hata mji. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa kwa Kiswahili uzima, uzazi na mapendo, na wanajamaa wakaitana baba na mama. Baadaye maaskofu waliishuku na kuibana. Lakini fundisho lake lilikuwa zito: ubaba wa mtu hautoki kwa mwajiri wake. Aliyelishika hilo aliweza kukaa mezani bila mshahara, akala alichouza mkewe, na bado watoto wakamsikiliza.

Tusiusifu uvumilivu huu hadi deni likasahauliwa. Walioondoka 2003 waliendelea kwa miaka mingi kudai mahesabu yao ya mwisho, wakiandika barua na kuandamana, wengine hadi kufa kwao. Kudai huko nako nakuhesabu kuwa imani.