Je, Wajua? Tarakimu 20 za LUKU

Uniti moja ya umeme ni wati 1,000 zilizotumika kwa saa nzima. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo huimaliza kwa saa moja. Taa ya wati 10 huhitaji saa 100. Anayegombeza watoto kwa taa ya barazani huku jiko la umeme likichemsha maharage anawaonea bure.

Tanzania, wengi hununua uniti kabla ya kuzitumia, kupitia LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Tarakimu 20 za tokeni unayopewa ukinunua hubeba kiasi cha uniti na dakika tokeni ilipotolewa, vyote vikiwa vimefungwa kwa ufunguo wa mita yako peke yake. Ndiyo maana tokeni haiingii mara mbili, wala haikubaliwi na mita ya jirani.

Dakika hizo zilihesabiwa tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuzihifadhi ilikuwa ijae Novemba 24, 2024. Ndiyo sababu mita za mfumo huu wa tokeni za tarakimu 20, duniani kote, zilipaswa kuingiziwa kwanza tarakimu za ziada ili mwanzo wa hesabu uhamie mwaka 2014. Mita iliyoachwa nyuma hukataa tokeni mpya, hata kama hela imeshakatwa kwenye simu.